Vijidudu vya Bwana Harusi

Kituoni walimwita Bi Sahani, naye alilipokea jina hilo bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria kwenye visahani vya plastiki vyenye ute mgumu kama jeli, na ilikuwa nadra kumkuta koridoni bila rundo la visahani kifuani, amelibana kwa kidevu kama mtu anayeandalia wageni wengi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka ya kutembea na haraka zaidi ya kusema, na akifurahia jambo hakuweza kulificha hata angefunikwa gunia.

Kituo chenyewe kilikuwa cha mafahali. Walilishwa vizuri, wakapigwa brashi, na asubuhi za kazi wakatolewa mbegu. Mbegu hizo zilipimwa, zikachanganywa na dawa pamoja na kiini cha yai, zikajazwa kwenye mirija myembamba kama njiti za kiberiti, kisha zikagandishwa ndani ya mitungi ya nitrojeni. Humo zingeweza kulala miaka. Zilipohitajika, mtu alizibeba mpaka kwenye zizi la mfugaji, akaziyeyusha, akampandishia ng'ombe aliyekuwa kwenye joto, yaani anayetaka dume.

Mtu huyo alikuwa wifi yake Bi Sahani, dada wa mumewe, mhimilishaji aliyezunguka kutwa kwa pikipiki na mtungi umefungwa nyuma. Wafugaji walimwita Glavu, kwa ajili ya zile glavu ndefu za kufika begani alizokuwa akizichomeka kiunoni zikapepea njia nzima. Na mtunza mafahali pale kituoni alikuwa baba wa Glavu, yaani baba mkwe wa Bi Sahani. Kwa hiyo familia nzima ilikula kwa jasho la mafahali, isipokuwa mume wa Bi Sahani, fundi redio, ambaye alisema mtu mmoja lazima awe na kazi inayoweza kuelezwa mbele ya wageni.

Asubuhi moja Glavu aliingia maabara hajavua hata kofia ya pikipiki. Akaketi juu ya kreti tupu, akashika tama.

"Wifi, leo nimefukuzwa getini kama mwizi wa kuku."

"Na nani?"

"Yule mama wa ng'ombe mwekundu. Nimempandishia mara ya kwanza, ng'ombe akarudia joto. Mara ya pili, akarudia. Leo nimefika, amesimama mlangoni na ufagio. Amesema mkono wangu una nuksi, atatafuta mwenye dume la kukodi. Na si yeye peke yake. Kule mtaa wa juu nikipita watoto wa watu wanaambiwa waingie ndani."

Bi Sahani alicheka, kisha akaacha, maana aliona wifi yake ana machozi karibu. Glavu hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kumwangalia fahali mkali usoni na kumwambia asimpotezee muda.

"Ng'ombe wote wasioshika, umewapandishia mbegu za nani?"

Glavu hakuhitaji kufikiri. "Bwana Harusi. Hao wanaolalamika wote waliomba Bwana Harusi. Nikimpandishia mtu mbegu za yule fahali mwingine, Kimya, ng'ombe anashika kabla sijafika barabarani."

Bwana Harusi ndiye aliyekuwa fahari ya kituo. Fahali mweusi mwenye baka jeupe kifuani, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotembea kwenda kazini: polepole, shingo juu, kama anayejua kwamba watu wamekuja kwa ajili yake. Wageni wakubwa walipotembelea kituo walipigwa picha naye. Mabinti zake walikuwa wakijaza ndoo. Lakini tangu mvua zikatike, habari za kutoka mazizini zilikuwa mbaya, na mkuu wa kituo, daktari wa mifugo mwenye upara na subira ya kupimwa kwa kijiko, alikuwa amekwishakata shauri. Mwisho wa wiki lori la machinjioni lingekuja.

"Anakula kama watatu na hazai hata kama nusu," alikuwa amesema kwenye kikao. "Sina njia nyingine."

Kilichowashangaza wote ni kwamba mbegu za Bwana Harusi zilifaulu kila kipimo. Bi Sahani alizichukua tena mchana ule, mrija mmoja wa Bwana Harusi na mmoja wa Kimya, akaziyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akadondosha tone la kila moja kwenye kioo. Chini ya hadubini zote ziliamka. Zilikimbia huku na huko, vichwa vinang'aa, mikia inachapa, kama watu waliofunguliwa geti la uwanja. Hakuna ambaye angeweza kusema zipi ni za mgonjwa.

Glavu alipiga jicho kwenye hadubini, akanung'unika. "Basi kweli ni mkono wangu."

"Mkono wako hauna kitu. Ngoja."

Lililompitia Bi Sahani kichwani lilikuwa jambo dogo tu. Kipimo chao kilikuwa cha dakika chache: yeyusha, tazama, andika, songa mbele. Lakini ndani ya ng'ombe mbegu haisubiriwi mlangoni na yai. Ina safari, na ina kungoja. Akamimina mbegu zilizobaki kwenye vijichupa viwili, akaviweka kwenye kabati la joto, joto la mwili wa ng'ombe, akamvuta wifi yake wakaenda kula.

Waliporudi, tone la Kimya lilikuwa bado linachemka. Tone la Bwana Harusi lilikuwa limekufa. Na halikufa hivihivi: mbegu zilikuwa zimegandana vichwa kwa vichwa, mafungu mafungu, kama karanga kwenye asali, na chache zilizobaki hai zilikuwa zikitikisa mikia pale pale zilipo bila kwenda popote.

Bi Sahani akamsukuma Glavu kwenye hadubini, akamvuta pembeni ili yeye mwenyewe atazame, akamsukuma tena.

"Wifi, utanitoa jicho."

"Kuna kitu kinazishika," Bi Sahani alisema. "Kuna kitu humo ndani kinazishika."

Akafanya kile alichokuwa akikijua kuliko vyote. Akachovya, akapaka kwenye visahani, akaviingiza kwenye joto. Usiku ule mumewe alimsimulia habari za redio iliyoangushwa kisimani na mwenyewe akataka iimbe siku hiyo hiyo. Yeye akaitikia mahali pasipostahili, mpaka mume akauliza kama anaongea na ukuta.

Asubuhi visahani vya Bwana Harusi vilikuwa vya kijani. Kijani chenye kung'aa, kimesambaa kwenye ute kama rangi iliyomwagika. Alipofunua kifuniko kidogo tu, ikampanda puani harufu tamu ya zabibu zilizoiva kupita kiasi. Aliijua harufu ile tangu chuoni. Ni ya bakteria wapendao mahali penye maji: mabomba, sinki, ndoo zisizokauka. Na ile dawa ya kuua vijidudu inayochanganywa na mbegu kabla ya kugandishwa, hawa huichukulia kama chai.

Alikwenda ofisini kwa mkuu nusu anatembea nusu anakimbia, kisahani mkononi. Mkuu alitazama, akanusa, akavua miwani.

"Kazi nzuri. Kwa hiyo fahali ni mchafu. Umenipa sababu ya pili ya kumwondoa." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Hebu niletee na kisahani cha fahali mzima, niwaonyeshe tofauti wakuu wangu. Cha Kimya kinatosha. Wataona kisafi na kichafu."

Bi Sahani akapaka cha Kimya, kwenye ute wa aina zote alizokuwa nazo, akitarajia visahani vitupu kama kioo. Alipovitoa, vilikuwa vimejaa. Fahali bora kuliko wote, ambaye ng'ombe walishika mimba zake kwa kusikia jina, alikuwa na bakteria wengi kuliko Bwana Harusi.

Alikaa kwenye kigoda cha maabara akiona kila alichojenga kinabomoka. Kama mzima anao na mgonjwa anao, basi bakteria hawana hatia, na yeye ameota mchana. Glavu alipoingia kuchukua mitungi yake alimkuta ameinamia visahani kama mtu aliyefiwa.

"Kuna nini tena?"

"Kimya ana vijidudu zaidi."

Glavu alitazama juu ya bega lake. Akatazama cha Bwana Harusi, akatazama cha Kimya. "Lakini si vilevile. Hivi ni vyeupe. Vidogo kama punje za chumvi." Akainama, akanusa kabla Bi Sahani hajamzuia. "Na vinanuka maziwa mgando."

Bi Sahani aliinua kichwa.

Alikuwa ameviona vile vyeupe. Macho yake yalikuwa yameviona na akili yake ikavihesabu tu kama wingi: vingi, vingi zaidi, basi. Sasa aliinuka ghafla hata kigoda kikaanguka. Vijidudu vya maziwa mgando. Vinavyotengeneza uchachu, na uchachu huwakimbiza wengine. Huwezi kusema shahawa zenye bakteria ni mbaya na zisizo nao ni nzuri, kama vile huwezi kusema nyumba yenye watu ina wezi. Swali ni watu gani.

"Wifi, usiende popote leo," alisema, tayari anavaa glavu zake fupi za maabara. "Nisaidie kubeba."

Siku mbili zilizofuata maabara ile haikuwa na nafasi ya kuweka kikombe. Alipima kila fahali aliyekuwa kituoni. Wote walikuwa na vijidudu. Hakupatikana hata mmoja mwenye kisahani kitupu. Waliozalisha vizuri walikuwa na vile vyeupe, wengine kwa wingi, wengine kidogo, vimechanganyika na wapita njia wa hapa na pale. Mwenye vya kijani alikuwa mmoja tu, Bwana Harusi. Naye, katika visahani vyake vyote, hakuwa na cheupe hata punje.

Siku ya lori ilikuta bado anapima. Alichukua mbegu mbichi za Kimya za asubuhi ile, akazigawa kwenye vijichupa vitatu. Cha kwanza akakiacha kama kilivyo. Cha pili akakitia vyeupe. Cha tatu akakitia kijani cha Bwana Harusi, kidogo sana, kiasi cha ncha ya sindano. Akaviweka kwenye joto. Mchana, alipokwisha kuvitazama, nje akasikia lori linarudi nyuma kwenye ngazi ya kupakilia, na dereva anaita watu wampishe.

Akamfuata mkuu wa kituo kule kule uani, akamshika mkono wa shati, jambo ambalo halikuzoeleka pale kazini.

"Mkuu, njoo utazame kitu. Kabla hajapanda."

"Dereva ana safari."

"Dereva apewe chai. Na mkate. Na yai."

Mkuu alimtazama, akamtazama yule fahali aliyesimama kivulini, akamfuata. Aliinama kwenye hadubini. Kioo cha kwanza, mbegu zinakimbia. Cha pili, zinakimbia, na ukitazama vizuri, zimenyooka zaidi. Cha tatu, mbegu za fahali bora wa kituo zilikuwa zimeshikana vichwa kwa vichwa na kufa, karanga kwenye asali, sawasawa na za Bwana Harusi.

"Rudia," mkuu alisema.

"Nimerudia. Jana nilijaribu mara mbili kwa mbegu za mirija. Ndiyo ya tatu hii."

Mkuu alikaa kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mwanafunzi. "Kwa hiyo kwenye kipimo chetu zinafaulu kwa sababu hatuzisubiri."

"Hatuzisubiri. Nami nilikuwa wa kwanza kutosubiri."

"Sawa. Umenionyesha kinachoua. Sasa niambie kimetoka wapi." Akainua kidole, si kwa ukali. "Kama kimejenga ndani ya mwili wake, kwenye korodani, kwenye tezi, simbakishi. Ataambukiza wengine. Kama kimetoka nje, hiyo ni habari nyingine. Dereva akimaliza chai nitahitaji jibu."

Bi Sahani alitoka nje, jua likampiga usoni. Jibu analijua mtu mmoja tu pale kituoni. Anayelala akiwaza wale mafahali na kuamka akiwaendea. Baba mkwe wake.

Na hapo ndipo mguu ulipokuwa mzito. Miaka yote wamefanya kazi kwenye uzio mmoja, yeye na mzee yule walikuwa na namna yao. Mzee alitoa mbegu, akazikabidhi dirishani kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa, akasema, "Mzigo huo, mwanangu." Yeye akasema, "Ahsante, baba." Neno lenyewe halikuwahi kutajwa kati yao. Mkwe na baba mkwe, watazungumzaje mambo ya chini ya tumbo, hata kama tumbo ni la ng'ombe?

Alimwona Glavu kwenye pikipiki. "Wifi, nenda ukamuulize baba anamwosha vipi Bwana Harusi. Huko. Kwenye… pa kazi."

"Mimi? Ni baba yangu mzazi. Kwako ni aibu mara moja, kwangu ni mara mbili."

Akampigia mumewe simu. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mke wangu, nakupenda, lakini mimi niache na redio zangu," akakata.

Basi akapiga moyo konde, akaenda.

Mzee alikuwa anampiga Bwana Harusi brashi. Alianza shingoni, akashuka mgongoni, akarudi shingoni, kama ambaye akimaliza itabidi aondoke. Hakutazama upande wa lori. Fahali alikuwa amefumba macho nusu kwa raha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mara mbili? Tulisalimiana asubuhi."

"Nimekuja na swali." Akaziangalia kwato za fahali. Zilikuwa kwato safi sana. "Baba, huyu… kabla ya kazi… pale chini… panaoshwaje?"

Brashi ilisimama. Mzee akakohoa. Akatazama juu ya bati, akatazama ndoo. Halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, tuko kazini. Nyumbani ni nyumbani. Hapa sema neno lake."

"Govi, baba," Bi Sahani alisema, akatamani ardhi ipasuke.

"Haya. Govi." Mzee naye lilimtoka kwa taabu, lakini likishatoka wote wawili wakapumua. "Wengine nawakata nywele za pale, nafuta kwa kitambaa, nakausha, basi. Siku ya kazi tu. Ila huyu mwenyewe unamjua, ana wageni kila mara, anapigwa picha. Tangu mvua zilipoacha tope nilimwanzishia utaratibu wake. Namwosha kila siku, asubuhi na jioni. Ndani kabisa. Kuna mpira wake maalumu."

"Mpira gani?"

Alimpeleka nyuma ya tangi la maji. Kwenye msumari ulining'inia mpira mwembamba wa rangi ya maziwa, umekunjwa vizuri mviringo, kivulini, mahali pasipofika jua mwaka mzima. Mzee aliushika kwa heshima ya kifaa cha hospitali. "Hakuna fahali mwingine anayeguswa na huu. Ni wake peke yake."

Bi Sahani akaomba kisu. Akaupasua kwa urefu, kiasi cha kiganja, akaufunua kama ganda la njegere. Ndani mpira ulikuwa umevaa utelezi wa kijani toka mwanzo hadi mwisho, na harufu ya zabibu ikatoka mpaka mzee akarudi nyuma.

Furaha ilimpanda Bi Sahani kifuani kama soda iliyotikiswa. Alifumbua kinywa kuita, mkuu aje, Glavu aje, dunia nzima ije. Kisha akamwona baba mkwe wake. Mzee alikuwa ameuelewa ule utelezi bila kuelezwa. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Angeweza kumficha. Angeweza kusema ni mpira, ni maji, ni fundi wa bomba. Lakini walikuwa wameshavuka daraja la maneno magumu, na kurudi nyuma kungekuwa kumdharau. Akachutama mbele yake.

"Baba, kila fahali ana vijidudu vyake pale. Vyeupe, vinavyomlinda. Ulipomwosha sana ukaviondoa vyote, nyumba ikabaki wazi. Na maji ya mpira huu yakaleta hivi vingine vya kijani. Vimo kwenye mpira, na vimefika kwake kwa mpira. Havijaanzia mwilini mwake."

"Nilitaka awe msafi kuliko wote."

"Najua."

Mzee akasimama, akachukua ule mpira uliopasuliwa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi ya kupakilia ambako mkuu alikuwa akizungumza na dereva. Bi Sahani akamfuata nyuma. Mzee aliuweka mpira juu ya boneti ya lori.

"Mkuu, fahali hana kosa. Nimemharibu kwa kumpenda vibaya. Nipe nafasi nimrudishe kama alivyokuwa."

Mkuu wa kituo aliunusa mpira, akakunja uso, akamtazama Bi Sahani. Bi Sahani alikuwa akitingisha kichwa kukubali kwa kasi ya mtu anayepigwa na baridi.

"Dereva," mkuu alisema, "umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi safari njema. Leo hubebi mtu."

Dereva alilalamika, na alikuwa na haki, lakini hakuna aliyemsikia, maana Glavu alikuwa amelalia honi ya pikipiki yake na mafahali wote kituoni walikuwa wakimjibu.

Kazi ya kumrudisha Bwana Harusi haikuwa ya siku moja, na sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kumzuia mzee asimwoshe. Mkuu alimtibu kwa dawa iliyochaguliwa kwenye visahani, ile ambayo wale wa kijani waliiogopa. Mabomba yalibadilishwa, vifaa vya kukusanyia mbegu vikachemshwa na kuanikwa juani, matandiko yakawa makavu muda wote. Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Mwili wa fahali hutengeneza mbegu taratibu, na za zamani lazima ziishe. Mzee alikuwa akisimama mbele ya fahali mikono nyuma, amejifunga mwenyewe, akiona kaunyasi kamenasa tumboni na hakataki kutoka hapo.

"Ananiumiza macho," alisema.

"Mwache, baba."

"Nimemwacha. Ila ananiumiza macho."

Kila baada ya muda Bi Sahani alipaka kisahani kipya. Kijani kilipungua, kikawa madoa, doa, kisha kivuli tu pembeni. Asubuhi moja alitoa kisahani akakiinua dirishani, hakuona kijani popote. Na pale katikati, vichache, vimejipanga bila mpango, vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Hakwenda kwa mkuu kwanza. Alikimbia hadi bandani, akamkabidhi baba mkwe wake kisahani, wakakinusa kwa zamu.

"Maziwa mgando," mzee alisema, na tabasamu likamwenea polepole mpaka masikioni.

Tangu hapo hawakuwa tena watu wa "mzigo huo, mwanangu". Jumapili familia ilipokusanyika, mzee aliuliza katikati ya chakula kama shahawa za wiki ile zilivumilia joto hadi alasiri, naye Bi Sahani akamjibu kwa urefu, na mikono, mpaka mama mkwe akaweka kijiko chini. "Nyinyi wawili," alisema, "hapa watu wanakula." Fundi redio alicheka mpaka maji yakampalia, na Glavu ikabidi amgonge mgongoni.

Mbegu mpya zilipogandishwa na kupita kipimo kipya, kile cha kusubiri, Glavu aliomba mirija ya kwanza. Alijua anakoipeleka. Safari hii alimpakia wifi yake nyuma, mtungi ukawa katikati yao, na yule mama wa ng'ombe mwekundu akawakuta getini kwake, ufagio mkononi vilevile.

"Mkono wa nuksi umerudi," alisema. "Na umekuja na shahidi."

"Umekuja na mwenye makosa," Bi Sahani alisema. Akamweleza yote kwa maneno ya kawaida, kijani na cheupe, mpira na zabibu, wala hakupunguza. "Mkono wa wifi yangu ulikuwa mzima siku zote. Sisi wa kituoni ndio tulimpa mbegu zilizokufa njiani."

Mama yule alisikiliza ameegemea ufagio. Inawezekana ni maelezo, inawezekana ni kule kukubali kosa bila kuzungushwa. Aliufungua mlango wa zizi. "Mara hii tu," alisema. "Na ya bure."

Walirudi miezi mitatu baadaye. Ng'ombe mwekundu hakuwa amerudia joto, lakini Glavu hakutaka kusherehekea kwa kusikia. Alivaa glavu ndefu, akailainisha, akaingiza mkono taratibu huku akimsemesha ng'ombe mambo ya mvua na bei ya pumba. Halafu mkono ukasimama. Akafumba macho, akatafuta tena, akayafumbua.

"Wifi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo, "vaa glavu."

"Mimi? Mimi ni wa visahani."

"Vaa."

Bi Sahani alivaa. Miaka yote ya kazi ile alikuwa amewajua ng'ombe kupitia kioo na kifuniko. Hakuwahi kuingia ndani kwao. Glavu alimshika kiwiko akamwongoza: mbele, sasa shusha mkono, usiogope, taratibu. Kulikuwa na joto kubwa kuliko alivyotegemea. Kisha vidole vyake vikafika juu ya kitu cha duara, kilichojaa maji, kizito na laini kama mpira wa watoto uliolowa. Akakibonyeza kidogo sana. Ndani ya maji yale kitu kigumu kikaelea, kikaondoka kwenye vidole vyake, halafu kikarudi kumgonga.

Akajikuta ameegemeza shavu kwenye paja la ng'ombe mwekundu, mkono ndani hadi begani, anacheka bila sauti, machozi yanamshuka na hana mkono wa kuyafutia.

"Mbona kimya huko nyuma?" mwenye ng'ombe aliuliza kutoka upande wa kichwa, alikoshikilia kamba. "Ana ndama au hana?"

Glavu alimtazama wifi yake amjibie.

"Anaye, mama," Bi Sahani alisema. "Amenigonga."